Sahani ya Saa Tano Usiku

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo halikosi kuulizwa popote walipokaa watu wawili watatu wanaohangaika kupunguza mwili: je, chakula cha usiku kinanenepesha kuliko cha mchana? Kila mtu ana sheria yake. Mmoja atakwambia usitie kitu mdomoni baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwingine anasema mwisho saa mbili usiku. Wa tatu ataapa kwamba wali ukiliwa usiku unageuka wote kuwa mafuta, ila ukiliwa mchana hauna neno. Mimi nitalijibu nikiwa na mahali mahsusi akilini, nako ni Lewisham, kusini mashariki mwa jiji la London, kwa sababu huko amri ya kutokula baada ya saa mbili humkuta mtu angali ndani ya basi, njaa inamuuma, na nyumbani hajafika.

Lewisham ya mchana ni soko. Kwenye barabara yake kuu, Lewisham High Street, meza za matunda na mboga zimepangwa safu kwa safu, na bidhaa zinauzwa kwa bakuli: bakuli la nyanya, bakuli la pilipili hoho, bakuli la maembe, bakuli la viazi vitamu, bei pauni moja au zaidi kidogo, na muuzaji anakumiminia kwenye mfuko kabla hujamaliza kusema. Ndizi za kupika utazipata, na bamia, na mihogo. Aliyekulia Tanga, Kampala au Bukavu hakosi cha kupika. Lakini soko hilo lina saa zake. Jioni ikiingia wauzaji wanakunja mahema, barabara inafagiliwa, na mtu anayetoka kazini saa mbili usiku hakuti hata kitunguu. Anachokikuta wazi, taa zikiwaka na harufu ikimvuta tangu kituoni, ni duka la kuku wa kukaanga.

Na kuku huyo ni wa huko huko hasa. Morley's, jina linalojulikana na kila kijana wa kusini mwa London, lilianzia Sydenham, ndani ya manispaa hii hii ya Lewisham, mwaka 1985, na mwanzilishi wake alikuwa mhamiaji kutoka Sri Lanka. Sina ugomvi na biashara hiyo. Mgeni aliyefika mji huu na kuujengea kitu ambacho wenyeji wanakiona chao anastahili heshima. Ninachokitazama ni saa: mboga zinafungwa wakati wafanyakazi bado wako kazini, na chipsi zinakaangwa mpaka usiku mkubwa. Wakuu wa jiji wamelishughulikia jambo hili kwa upande wa watoto. Tangu Februari 2019 matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi yameondolewa kwenye mabasi na treni za jiji, na mpango wa maendeleo wa London wa mwaka 2021 unazuia duka jipya la chakula cha moto cha kubeba lisifunguliwe ndani ya mita 400 kutoka shuleni. Mtu mzima anayetoka zamu ya jioni ameachiwa ajipange mwenyewe.

Watu hao si wachache. Takwimu za serikali za mwaka 2022 zilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 8 Uingereza, zaidi ya robo ya wafanyakazi wote, hufanya kazi jioni au usiku, na sekta iliyoongoza ni ya afya na utunzaji wa wazee na wagonjwa. Hapo ndipo tulipo sisi wenye asili ya Afrika. Wauguzi, wasaidizi wa wauguzi, watunza wazee wanaokwenda nyumba hadi nyumba, wasafishaji wa ofisi, walinzi, madereva. Hospitali ya Lewisham ipo pale pale kwenye barabara kuu. Taa zake hazizimwi. Anayeingia zamu saa moja na nusu jioni anatoka saa moja na nusu asubuhi, na katikati ya hapo mwili wake unataka chakula kama mwili wa mtu mwingine yeyote.

Sasa tulijibu swali. Nitalisema jibu langu kwanza, kisha nieleze nimelipata wapi. Saa ya kula ina uzito wake, lakini uzito huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachomnyima mtu wa Lewisham matokeo, baada ya wiki na wiki za kujinyima, mara nyingi ni mlo wa pili wa usiku, ule ambao hakuukusudia, unaoletwa na njaa ya mchana na uchovu wa kazi. Ukimwambia mtu huyo asile baada ya saa mbili umemgusa pasipouma.

Tuanze na ushahidi unaowaunga mkono wenye amri. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, wakiwemo Nina Vujović na Frank Scheer, waliwaweka watu 16 wenye uzito uliozidi ndani ya maabara. Walipewa chakula kilekile kwa kiasi kilekile, ila raundi moja walikula mapema, na raundi nyingine kila mlo ulicheleweshwa kwa saa nne. Walipochelewa kula, uwezekano wa kusikia njaa uliongezeka maradufu. Homoni ya leptini, ile inayoupa ubongo habari kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka. Mwili nao ulichoma kalori pungufu, kama 60 hivi kwa siku, na hata ndani ya mafuta ya mwili yenyewe zilionekana dalili za kuelekea kuhifadhi zaidi. Utafiti huo ulifanywa kwa umakini mkubwa, na kila kitu kilipimwa.

Lakini iangalie vizuri hiyo 60. Kalori 60 hazifiki kipande kimoja cha mkate wa kawaida. Zikijumlishwa mwaka mzima zina maana, sikatai, lakini hazitoshi kueleza kwa nini mtu aliyejinyima miezi mitatu hajapungua hata nusu kilo. Kilichonishtua mimi ni huo uwezekano wa njaa ulioongezeka maradufu. Ndani ya maabara njaa haina pa kwenda, mlango umefungwa na sahani imepimwa. Nje, kati ya kituo cha treni na nyumbani, njaa hiyo ina maduka matano mbele yake.

Mwaka huohuo, katika jarida lilelile la kisayansi lililochapisha ule wa Boston, ulitoka utafiti mwingine kutoka Aberdeen, Uskoti. Watu 30 walipewa chakula cha kupunguza uzito. Kwa wiki nne walikula karibu nusu ya chakula chao chote asubuhi, na kwa wiki nne nyingine karibu nusu hiyo wakaila jioni. Kiasi cha siku nzima hakikubadilika. Uzito uliopungua ukawa sawasawa, kilo tatu na kidogo kila upande. Mwili haukutoa adhabu kwa sahani kubwa ya jioni. Tofauti ilikuwa moja: waliokula vizuri asubuhi walisema hawakusumbuliwa sana na njaa siku ile.

Guangzhou, China, wakajaribu kwa muda mrefu zaidi. Watu 139 wenye unene walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, na nusu yao wakaambiwa pia wasile nje ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwaka ulipokwisha, pande zote mbili zilikuwa zimepungua, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kusemwa kwamba imeletwa na saa. Kwa upande wa pili, Murcia, Hispania, Marta Garaulet na wenzake waliwafuatilia watu 420 waliokuwa kwenye mpango wa wiki 20 wa kupunguza uzito, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliokuwa wakila mlo wao mkubwa baada ya saa tisa alasiri walipungua kidogo kuliko waliokula mapema. Hao hawakupangiwa saa na mtu, walikuwa wanaishi maisha yao ya kila siku.

Kwangu mimi tafiti hizi hazigombani. Pale chakula kilipopimwa na kugawiwa, saa ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Pale mtu alipoachwa na maisha yake, mwenye kuchelewa alibaki nyuma. Basi kuchelewa kunapitia mlango mwingine: njaa, uchovu, na kile kinachopatikana karibu wakati huo.

Waislamu miongoni mwetu wanao mfano wao wa kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani chakula chote huliwa usiku. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, siku ambazo jua la London linazama kama saa tatu na dakika ishirini usiku, na funga ikawa ya saa kumi na nane hivi. Waliofuturu siku zile Lewisham, majumbani au katika kituo cha Kiislamu kilichopo kwenye barabara kuu, walikula futari, wakasali, wakala tena, na daku ikawakuta karibu hawajalala. Kama usiku wenyewe ndio sumu, mwezi ule ungemnenepesha kila aliyefunga. Haikuwa hivyo. Tafiti nyingi zilizofanywa juu ya Ramadhani katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kwa wastani watu hupungua kilo moja hivi, na ndani ya wiki chache baada ya Idi kilo hiyo hurudi. Watafiti wa Imperial College hapa hapa London waliwapima watu 85 kutoka misikiti ya jiji mwaka 2019, wakakuta shinikizo la damu limeshuka kwa mwezi ule.

Lakini wastani huficha mengi, na kila mmoja wetu anamjua ndugu aliyetoka Ramadhani na mkanda unambana. Huyo hakuongezwa na saa tatu usiku. Tazama meza yake: uji wenye sukari, tambi za kukaanga, mihogo ya nazi, mbaazi za nazi, sambusa, kaimati zilizoogeshwa shira, na sharbati ya kuteremshia vyote hivyo. Yeyote akila meza hiyo saa saba mchana siku thelathini mfululizo, mkanda utambana vilevile.

Sasa naomba tuingie jikoni, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mfikirie mama anayetunza wazee majumbani, anakaa Catford, ndani ya Lewisham hii hii. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa na biskuti mbili kwa sababu basi lilikuwa linakuja. Mchana alikuwa na nyumba tatu za kupitia, moja iko Brockley na nyingine Downham, na muda wa baina yake aliutumia njiani. Alikula ndizi moja na pakiti ya krispi. Saa tatu usiku anamlaza mzee wa mwisho. Akiwa anasubiri basi la kurudi ananunua boksi la vipande vitatu vya kuku na chipsi, na anakula ndani ya basi, kwa haraka, mkoba uko mapajani. Saa nne na nusu anafungua mlango. Watoto wamelala. Jikoni kuna sufuria ya wali, na ndani ya friji kuna mchuzi wa nyama kwenye kopo lililokuwa la aiskrimu. Hana njaa kubwa tena. Lakini kufika nyumbani bila kula chakula cha nyumbani hakumkalii sawa. Anafunua sufuria, anachukua kijiko, anakula ukoko wa pembeni akiwa amesimama, kisha kijiko kingine, kisha anapasha mchuzi kidogo kwenye maikrowevu, kisha anapakua kabisa.

Hesabu yake ni hii. Boksi lile la kuku na chipsi hufika kalori 800 hadi 1,000 bila taabu, na bado hujahesabu soda. Sahani ya wali na mchuzi ni kalori 500 nyingine au zaidi. Mwanamke anayejaribu kupunguza uzito mara nyingi hujiwekea kalori 1,500 kwa siku nzima. Amezimaliza kati ya saa tatu na saa tano usiku, na akiulizwa na mtu atasema kwa kweli kabisa kwamba leo hakula kitu, maana siku nzima alishinda na njaa. Na boksi halikumwambia. Sheria ya Uingereza ya Aprili 2022 inayataka makampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi yaandike kalori za kila chakula kwenye orodha ya bei, lakini maduka madogo hayakuhusishwa.

Ndiyo maana nasikitika ninapomsikia mtu anamwambia mama huyu kwamba hana nidhamu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nidhamu anayo ya kutosha, ameisimamisha miguu yake saa kumi na nne. Alichokosa ni chakula cha mchana. Mlo aliounyimwa saa saba umemsubiri mpaka usiku, umekuja na mwenzake, na yote miwili imemkuta hana nguvu ya kuchagua.

Usingizi nao uko ndani ya kesi hii, na hauzungumzwi inavyostahili. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Esra Tasali, waliwachukua vijana na watu wazima 80 wenye uzito uliozidi na waliokuwa wakilala pungufu ya saa sita na nusu. Nusu yao walisaidiwa tu kurefusha usingizi. Hawakuambiwa wapunguze chakula. Waliongeza usingizi wa saa moja na dakika kumi hivi kwa usiku, na wakajikuta wanakula kalori zipatazo 270 pungufu kwa siku kuliko wenzao. Linganisha na zile 60 za Boston. Kwa mtu wa kawaida, kulala saa moja zaidi kuna faida kubwa kuliko kuvuta chakula cha jioni saa moja nyuma. Na anayekaa macho mpaka saa saba usiku akiangalia simu, mkononi ana karanga au mkate wa siagi, amepata hasara mbili kwa mara moja.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani saa haina maana kabisa. Iko sehemu ambayo saa ina maana kubwa, nayo ni sukari ya damu. Sahani ileile ya wali hupandisha sukari zaidi ikiliwa usiku kuliko ikiliwa asubuhi, kwa sababu usiku ukiingia mwili hutoa melatonini, homoni ya kuuandaa kulala, na kongosho hupunguza kasi ya kutoa insulini. Linakuwa kama fundi aliyekwisha kusanya vifaa vyake, na wewe ndiyo kwanza unamletea kazi. Kwa kijana mwenye afya hilo litapita. Kwa mwenye kisukari, au aliyeambiwa na daktari kwamba yuko ukingoni, halipiti hivi hivi. Watafiti wa King's College, majirani zetu hapa London, walitoa matokeo mwaka 2023 yanayoonyesha kwamba watu wenye desturi ya kutafunatafuna baada ya saa tatu usiku walikuwa na vipimo vibaya zaidi vya sukari ya damu.

Na sisi watu weusi lazima tulisikilize hili kwa masikio yote mawili. Kisukari cha aina ya pili hutufika mapema, na kwa uzito mdogo kuliko Wazungu. Mwongozo wa kitaifa wa afya wa Uingereza unasema hivyo waziwazi. Kwa wengi wa hapa, uzito unahesabiwa umezidi kipimo cha BMI, cha uzito ukilinganishwa na urefu, kinapofika 25, na unene hasa ni 30. Kwa mwenye asili ya Afrika, tahadhari inaanzia 23, na unene ni 27.5. Kwa hiyo mtu anaweza kutazamwa na majirani akaonekana ana mwili mzuri wa kupendeza, kumbe ndani mambo yameshaanza kuharibika.

Mwongozo huohuo una kipimo ambacho hakihitaji mizani wala hesabu. Chukua uzi au utepe, ujipime urefu wako kutoka utosini hadi kisigino, uukate hapo. Ukunje katikati. Sasa uzungushe nusu hiyo tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana pumzi. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijapita nusu ya urefu wako. Zisipokutana, tumbo limekusanya mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na kongosho. Kipimo hiki nakipenda kuliko mizani, kwa sababu mizani hupandishwa na kushushwa na maji ya siku moja, ila tumbo lina msimamo.

Basi afanye nini mtu wa zamu? Kwa anayetoka saa tatu au saa nne usiku, naamini dawa iko saa nane mchana. Kiporo cha jana, cha maharage au samaki au mchicha na wali kiasi, kiingie kwenye kopo asubuhi na kiliwe chote kabla jua halijazama. Sheria ya muda wa kazi ya mwaka 1998 inampa mfanyakazi anayefanya zaidi ya saa sita mapumziko ya dakika 20 yasiyokatizwa. Zichukue, ukae, ule. Ukifika nyumbani, kama njaa ipo, kula. Kula kidogo, kwenye sahani, umekaa. Supu ya jana, yai na nyanya, maziwa ya mgando. Kulala na njaa ili kuitii saa mbili ni kujitayarishia kesho iliyo mbaya zaidi. Na kama umekwisha kula ndani ya basi, sufuria iache ifunikwe mpaka kesho.

Kwa anayekesha kazini hali ni ngumu zaidi, na hapa nina utafiti mmoja unaonipa matumaini. Mwaka 2021 wenzake wa yule Scheer wa Boston, Sarah Chellappa akiongoza uandishi, waliwaweka watu 19 wenye afya katika maisha ya kukesha ndani ya maabara. Waliokula usiku, sukari zao zilipanda. Waliokula mchana tu, ijapokuwa walikesha vilevile, sukari zao hazikuharibika. Watu 19 ni wachache na walikuwa vijana, lakini njia inaonekana: kula mlo kamili kabla ya kuingia zamu, katikati ya usiku jisaidie na kitu chepesi na maji, kisha kula kidogo asubuhi kabla hujalala. Keki na chokoleti zinazoachwa na familia za wagonjwa juu ya meza ya wauguzi zinatolewa kwa moyo wa shukrani, lakini saa tisa usiku ndipo zinapoumiza.

Waajiri nao wana sehemu yao, na nasema hili kwa uzito. Mtu anayefanya kazi usiku apewe mahali pa kupasha chakula, kiti cha kukalia, na dakika zake bila kuitwa. Wodi au nyumba ya wazee isiyo na friji ya wafanyakazi inawasukuma kwenye mashine ya chokoleti na kisha kwenye duka la kuku. Wanaopanga ratiba za watunza wazee wakihesabu nyumba za kupitia, wahesabu na saa ya kula.

Nikuachie mambo mawili ya kufanya wiki hii, yote bila malipo. Kama unafanya kazi za usiku Uingereza, mwajiri wako anatakiwa kisheria akupe tathmini ya afya bure, kabla hujaanza kazi hizo na mara kwa mara baada ya hapo. Wengi hawajui, hawaulizi, na muda unapita. Muulize. Na kama una umri wa kati ya miaka 40 na 74, na hujaambiwa bado kwamba una kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, unayo haki ya kupimwa afya na NHS, huduma ya afya ya taifa, mara moja kila miaka mitano: shinikizo la damu, mafuta ya damu, na sukari kwa aliye hatarini. Barua ya mwaliko ikiwa haijafika, usiisubiri. Piga simu kwa GP wako, yaani daktari wako wa mtaani, kesho asubuhi, uombe siku.